Mcheza kwao hutunzwa: safari na mashabiki wa Mayo

Wazee wetu husema: Mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza mbele ya watu wake hakosi zawadi. Lakini yule anayecheza kwao na kushindwa, mwaka baada ya mwaka, miaka sabini na zaidi, je, naye hutunzwa? Watu wake hawamchoki? Swali hilo lilinijia mwaka 2023, nilipokaa majuma machache katika wilaya ya Mayo, upande wa magharibi wa kisiwa cha Ayalandi. Nimeona vema kuwasimulia safari niliyoifanya huko pamoja na mashabiki wa mpira, kwa sababu ndani ya safari ile nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelisoma katika kitabu.

Nchi yenyewe

Ayalandi iko magharibi ya Uingereza. Na ukiupita ufuko wake wa mwisho, mbele yako ni bahari ya Atlantiki tu mpaka Marekani. Tangu zamani kisiwa kimegawanywa katika majimbo manne na wilaya 32. Wilaya sita za kaskazini ziko hata leo chini ya serikali ya Uingereza, lakini katika michezo ya asili wilaya zote 32 huhesabiwa kuwa nchi moja.

Mayo imo katika jimbo la Connacht. Mvua ni nyingi, na upepo wa baharini haupumziki. Mashamba ni madogo, yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, na ndani yake kondoo wanakula majani yenye umande hata saa sita ya mchana. Hapo ndipo ulipo mlima Croagh Patrick, wenye urefu wa mita 764, ambao mahujaji huupanda Dominika ya mwisho ya Julai, wengine miguu mitupu. Hapo pia ndipo kilipo kijiji cha Knock, mahali pa hija tangu mwaka 1879, alipofika Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1979 na Papa Fransisko mwaka 2018. Mji mkuu wa wilaya unaitwa Castlebar.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka 78, mkulima, aliyefiwa na mkewe. Nilimwita Mzee, kwa desturi yetu, naye alipenda jina hilo. Aliposikia kwamba natoka Kongo, neno la kwanza kulitamka lilikuwa «Niemba». Nikashangaa. Akanieleza kwamba kila mtu wa rika lake analijua jina hilo. Tangu mwaka 1960 hadi 1964 askari wa Ayalandi walikuwa kwetu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Na tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini ya Katanga, walishambuliwa, na tisa kati yao wakauawa. Basi nyumba ile ya mbali haikuwa ngeni kabisa kwangu, wala mimi sikuwa mgeni kabisa kwake.

Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na msumari, na juu ya msumari palitundikwa bendera ya kijani na nyekundu, rangi za Mayo. Kitambaa kilikuwa kimechakaa pembeni. Nikamwuliza: «Mzee, bendera hii ni ya zamani?» Akajibu: «Bwana mwalimu, hiyo imeona mengi. Jambo moja tu haijaliona.»

Mchezo wao

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze mchezo wenyewe, maana si kandanda tunayoijua sisi. Unaitwa mpira wa Kigaeli. Kila timu ina watu 15. Mpira ni wa mviringo, na mchezaji ana ruhusa ya kuushika kwa mikono, kuupiga kwa mguu, au kuupiga kwa ngumi ili umfikie mwenzake. Ila hawezi kukimbia nao kama mwizi. Baada ya hatua nne lazima audundishe chini, au auachie uguse mguu wake na kuurudisha mkononi. Tena kuudundisha mara mbili mfululizo ni kosa.

Milingoti ya goli imesimama mirefu kama herufi H. Mpira ukipita juu ya mtambaapanya, katikati ya milingoti, timu inapata alama moja. Ukiingia chini, wavuni, ni bao, na bao moja ni sawa na alama tatu. Kwa sababu hiyo matokeo huandikwa kwa namba mbili, mabao kwanza, alama baadaye. Timu za wilaya hucheza dakika 70. Tangu mwaka 2025 sheria zimebadilika: mpira uliopigwa kutoka nje ya mstari wa mita 40 ukipita juu ya mtambaapanya huhesabiwa alama mbili. Siku ninayowasimulia sheria hiyo ilikuwa haijafika.

Jambo lililonistaajabisha zaidi ni hili: wachezaji hawalipwi mshahara. Yule unayemshangilia Dominika mbele ya maelfu ya watu, Jumatatu utamkuta darasani anafundisha, au shambani, au ofisini. Wala timu hazinunui watu. Kijana huchezea kilabu cha parokia yake. Akiwa hodari sana, anaitwa kuichezea wilaya yake. Tajiri wa Dublin hawezi kumnunua kijana wa Mayo kwa fedha yoyote.

Chama kinachotawala michezo hiyo kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika mji wa Thurles. Wakati ule Ayalandi yote ilikuwa chini ya Waingereza, na watu wenye busara waliona kwamba michezo ya asili na lugha ya asili zinakufa pamoja. Mmoja wa walezi wa kwanza wa chama alikuwa Thomas Croke, Askofu Mkuu wa Cashel. Mwingine alikuwa Michael Davitt, mzaliwa wa Straide katika Mayo. Davitt alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipofukuzwa katika shamba lao kwa kukosa kodi. Wakahamia Uingereza, na huko, akiwa na miaka 11, mashine ya kiwanda cha pamba ilimkata mkono. Akakua akawa mtetezi wa wakulima wote wa nchi yake. Mwacha asili ni mtumwa: watu hao waliijua maana ya methali hiyo ingawa hawakuisikia kwetu.

Kombe dogo na kombe kubwa

Kila mwaka kuna mashindano mawili. La kwanza ni Ligi, iliyoanza mwaka 1925. Huchezwa wakati wa baridi na matope, tangu mwisho wa Januari. Timu 32 zimepangwa katika madaraja manne, nane kwa nane. Kila timu inacheza mechi saba, na mbili za juu hukutana katika fainali. Wilaya moja, Kilkenny, haiingizi timu. Mahali pake inachezea timu ya London, ya wahamiaji wa Ayalandi waliokwenda Uingereza kutafuta kazi. La pili ni Ubingwa wa nchi nzima, unaochezwa wakati wa kiangazi, na tuzo yake ni kombe la Sam Maguire. Ligi ni jambo jema. Lakini Ubingwa ndio roho ya watu.

Mayo ilitwaa Ubingwa mwaka 1936, 1950 na 1951. Mwaka ule wa mwisho iliishinda Meath. Mzee wangu alikuwa na miaka sita. Baba yake alimbeba mabegani barabarani ili alione kombe likipita. «Nililiona,» aliniambia, «nikafikiri kwamba litapita kila mwaka, kama Krismasi.»

Halikupita tena. Mayo ilifika fainali mwaka 1989, ikashindwa. Ikashindwa 1996 na 1997, 2004 na 2006, 2012 na 2013, 2016 na 2017, 2020 na 2021. Hesabuni wenyewe: fainali za miaka 11, na kila mara watu walirudi nyumbani mikono mitupu. Mara mbili, mwaka 1996 na 2016, walitoka sare kwanza wakashindwa katika marudio, yaani waliumia mara mbili kwa kidonda kimoja.

Watu wanapoumia hivyo hutafuta wa kumlaumu. Basi kuna hadithi huko, isiyo na ushahidi wowote, kwamba timu ya mwaka 1951 ilipokuwa ikirudi kwa shangwe ilipita karibu na mazishi katika mji mdogo wa Foxford bila kutoa heshima, na padri akawalaani: Mayo haitashinda tena mpaka wote wa timu ile wafe. Wa mwisho wao, Paddy Prendergast, alifariki Septemba 2021. Nilimwuliza Mzee kama anaiamini hadithi hiyo. Akakunja uso. «Mwalimu,» akasema, «mwaka 2021 tulipata penalti mbele ya Tyrone, tukaipiga nje. Laana gani? Mguu wa mtu ulikosa.» Nikafurahi kusikia jibu hilo. Kwetu pia, mtoto akianguka katika mtihani au gari likipinduka, wako wanaotafuta mchawi kabla ya kutafuta sababu.

Dominika ya Matawi

Mwaka 2023 Mayo, chini ya kocha Kevin McStay, ambaye zamani aliichezea timu hiyohiyo, ilifika fainali ya Ligi. Mpinzani alikuwa Galway, jirani wa kusini, wa jimbo moja. Jirani yako akikushinda utamwona kila siku sokoni! Mechi ilipangwa tarehe 2 Aprili, iliyokuwa Dominika ya Matawi, katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin.

Jumamosi jioni tulikwenda Misa, tukapokea matawi yetu. Asubuhi Mzee aliishusha bendera kwenye msumari, akaikunja vizuri, tukaenda kusubiri basi la mashabiki. Ndani ya basi walikuwamo wazee, akina mama wenye vikapu vya mikate na chupa za chai, watoto waliopaka nyuso rangi, na kijana mmoja aliyelala mpaka Dublin. Hapakuwa na kelele kama nilivyotazamia. Watu walizungumza juu ya ng'ombe, juu ya bei ya mafuta, juu ya goti la mchezaji fulani. Nilihesabu watoto: walikuwa saba tu, kati ya watu arobaini na zaidi.

Kutoka Castlebar hadi Dublin ni kilometa 240 hivi, kuelekea mashariki. Barabara inapita Swinford na Charlestown, kisha inaingia wilaya ya Roscommon. Huko nyumba zilikuwa na bendera za njano na buluu. Mzee alizitazama kwa jicho moja, akaniambia: «Hao tutacheza nao Dominika ijayo, siku ya Pasaka, katika Ubingwa.» Akanyamaza.

Tulipofika mji wa Strokestown akanigusa bega. Hapo pana makumbusho ya Njaa Kuu. Tangu mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula cha maskini, miaka kadhaa mfululizo. Mwaka 1847 wapangaji 1,490 wa mwenye ardhi wa mahali hapo walipelekwa kwa miguu hadi Dublin, wakavushwa mpaka Liverpool, wakapakiwa melini kwenda Kanada. Wengi wao walikufa njiani. Njia yao ilielekea kulekule lilikokuwa likielekea basi letu.

«Sasa hesabu,» Mzee aliniambia. Mwaka 1841 Mayo ilikuwa na watu 388,000 hivi. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta karibu 138,000. Njaa iliua, na meli zilichukua waliobaki. Na baada ya njaa kwisha, meli hazikuacha. Dada zake wawili walikwenda Uingereza. Mwanawe yuko Boston. Mjukuu wake, seremala, aliyekuwa mlinda mlango wa kilabu cha parokia, aliondoka mwaka 2022 kwenda Sydney, Australia. Kilabu hicho sasa kimeungana na parokia jirani katika timu za vijana, kwa sababu peke yake hakiwezi kupata watoto 15.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu hao wanasafiri kilometa 240 kwa ajili ya kombe dogo. Timu ya wilaya ndiyo inayosema kwamba Mayo bado ipo. Siku ile ambayo hawataweza kupata vijana 15, haitakuwa habari ya mpira tena.

Tulivuka mto Shannon, ulio mkubwa kuliko yote ya kisiwa, tukapita Longford, na baada ya saa sita tukaiona Dublin.

Croke Park

Uwanja huo unaingiza watu 82,300. Umepewa jina la yule Askofu Mkuu niliyemtaja. Unasimama katikati ya nyumba ndogo za matofali, hata ukitembea mtaani huoni uwanja mpaka unapopinda kona, na mara ukuta wake unakufunika.

Nyasi zile zimepata kunywa damu. Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa vita vya uhuru, majeshi ya Uingereza yaliingia uwanjani Dublin na Tipperary zikicheza, yakawapiga watu risasi. Walikufa 14, pamoja na mchezaji mmoja, Michael Hogan wa Tipperary. Jukwaa kubwa linaitwa kwa jina lake, na washindi hupanda humo kupokea kombe. Mzee alivua kofia tulipopita chini ya jina hilo. Hakusema kitu.

Tena nikaona jambo jema. Hakuna ukuta wala askari wa kutenganisha mashabiki wa timu mbili. Kushoto kwangu alikaa Mzee. Kulia kwangu mama mmoja wa Galway na binti yake, wenye skafu za rangi ya damu ya mzee na nyeupe. Mama huyo alitupa chai kutoka chupa yake kabla hatujajuana majina. «Kunyweni sasa,» alisema, «baadaye mtakuwa na huzuni.» Mzee akamjibu: «Mama, huzuni tumeizoea; chai ndiyo hatujaizoea kutoka Galway.» Wakacheka wote wawili.

Bendi ilipiga wimbo wa taifa, watu wakasimama kuielekea bendera, wakauimba kwa lugha yao ya asili. Mwamuzi akaurusha mpira juu katikati, na mchezo ukaanza.

Galway haikuwa timu ndogo. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imefika fainali ya Ubingwa na kushindwa na Kerry. Na kocha wake, Pádraic Joyce, alishinda Ubingwa kama mchezaji mwaka 1998 na 2001. Walinzi walibanana na washambuliaji bega kwa bega. Mpira ulikwenda kwa mikono, haraka, kutoka mtu hadi mtu, kama ndoo za maji watu wanapozima moto. Kisha ghafula mguu mmoja unaupiga mbali, na uwanja mzima unashika pumzi mpaka uone kama utapita katikati ya milingoti. Nilijifunza kutotazama mpira bali mtu anayesimama nyuma ya goli na bendera zake: akiinua nyeupe ni alama moja, akiinua ya kijani ni bao.

Siku ile bendera ya kijani haikuinuliwa hata mara moja. Alama baada ya alama, polepole, kama mwashi anayejenga ukuta. Ryan O'Donoghue, kijana wa kilabu cha Belmullet, mji ulio mwisho kabisa wa nchi ya Mayo kando ya bahari, alipoushika mpira, kelele zilibadilika sauti. Aidan O'Shea, jitu la Breaffy, ambaye amezionja fainali sita za Ubingwa bila kushinda hata moja, alipogongana na walinzi, Mzee aligongana nao pamoja naye, mkono wake ukikibana changu mpaka kikauma.

Wala hakutukana mtu. Mwamuzi alipotoa adhabu ambayo hakuipenda, alisema tu: «Naye ana mama yake.»

Katika dakika za mwisho tofauti ilikuwa ndogo, kiasi kwamba bao moja lingeweza kuharibu kila kitu. Nikamtazama Mzee. Alikuwa hatazami mchezo. Alikuwa ametazama viatu vyake, bendera imekunjwa mapajani. Nikamwambia: «Mzee, inueni macho, tunashinda.» Akasema: «Nimewahi kuinua macho mapema. Niambie wewe ikiwa imekwisha.»

Filimbi ikalia. Mayo alama 14, Galway alama 11. «Imekwisha,» nikamwambia, «tumeshinda.» Ndipo akainua macho, akaikunjua bendera, akasimama. Mama wa Galway akampa mkono. Simu ikalia mfukoni mwake: ni mjukuu wake, huko Sydney, ambako ilikuwa usiku wa manane. Kwa kelele hawakusikizana. Mzee aliinua simu juu, kuelekea uwanja, ili kijana asikie watu wa kwao.

Hilo lilikuwa kombe la Ligi la 13 kwa Mayo. La kwanza lilikuja mwaka 1934, nao wakalishika miaka sita mfululizo hadi 1939. La mwisho kabla ya siku ile lilikuwa la mwaka 2019.

Dominika ya Pasaka

Wasomaji wapenzi, kama ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kweli.

Juma moja baadaye, tarehe 9 Aprili, siku yenyewe ya Pasaka, Mayo ilicheza na Roscommon mjini Castlebar, katika uwanja wa MacHale Park, unaoitwa kwa jina la John MacHale, Askofu Mkuu wa Tuam. Sasa ilikuwa Ubingwa, wala si Ligi. Mabingwa wapya wa Ligi, nyumbani kwao, mbele ya watu wao! Tulikwenda kwa miguu, jua lilikuwa bado moyoni.

Roscommon walifunga mabao mawili na alama nane, jumla 14. Mayo walipata alama 10. Filimbi ilipolia, watu wa njano na buluu waliimba, na watu wa Mayo wakakunja bendera zao bila neno. Ni siku saba tu zilizotenganisha shangwe na kimya kile.

Tukarudi njiani. Nilijua kwamba napaswa kumfariji mwenyeji wangu, lakini maneno yote niliyoyatafuta yalikuwa mepesi mno. Mwishowe nikamwuliza lile swali nililolibeba: «Mzee, niwie radhi. Miaka sabini na miwili. Hamchoki?»

Alitembea hatua nyingi kabla ya kujibu. «Mwalimu,» alisema, «mwanangu alipoanguka katika mtihani wake, je, nilikwenda kutafuta mtoto mwingine mwenye akili zaidi? Hawa ni watoto wa watu ninaowajua. Leo usiku wanalia, na kesho asubuhi mmoja wao atakuja kuchukua ndama wangu. Nikimchoka huyo, nitampenda nani?»

Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo: «Naogopa jambo moja tu. Siogopi kufa bila kuliona kombe. Naogopa tukose wa kulichezea.»

Nyumbani akaitundika bendera nyuma ya mlango. Halafu akampigia simu mjukuu wake, wakaongea juu ya mchezo muda mrefu, kwa hasira na kwa vicheko, kama watu wawili waliokaa jikoni pamoja. Sikusikia kijana alisema nini. Nilimsikia Mzee akisema: «Kilabu kinahitaji mlinda mlango. Mahali pako hatujapaziba.»

Tulichojifunza

Baada ya hayo Mayo iliendelea katika Ubingwa wa mwaka ule, ikatolewa na Dublin katika robo fainali. Mwaka 2025 ilifika tena fainali ya Ligi, ikashindwa na Kerry. Hadi mwisho wa mwaka huo 2025, kombe la Sam Maguire lilikuwa halijarudi Mayo tangu siku ile mtoto wa miaka sita alipolitazama kutoka mabegani mwa baba yake.

Wazee wetu husema pia: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Zamani niliifundisha methali hiyo darasani kama onyo kwa wachezaji, wasigombane baada ya mchezo. Siku hizi naifundisha kwa watazamaji vilevile. Kwetu timu ikishinda, mtaa mzima ni wake. Ikishindwa mara mbili, wachezaji wanapita njia za nyuma ili wasitukanwe, na kocha anaitwa mchawi au mla rushwa. Vijana wa shule, jiulizeni: mwenzenu aliyekosa penalti Jumamosi, nani kati yenu alitembea naye kurudi nyumbani?

Nanyi wazazi, tazameni viwanja vya vijiji vyetu. Vijana wetu nao wanaondoka, kwenda machimboni, kwenda mijini, kwenda ng'ambo. Hatuwezi kuwafunga kamba. Lakini tunaweza kuwawekea mahali ambapo jina lao bado linatajwa, ili atakayetaka kurudi akute nafasi yake haijazibwa.

Mcheza kwao hutunzwa. Nilipoondoka Mayo, Mzee alinisindikiza hadi kituo cha gari moshi. Ilikuwa Aprili, na Ligi ilikuwa imekwisha. Akaniambia kwamba nyingine itaanza Januari, kwamba kutakuwa na mvua, na kwamba katika basi kuna kiti changu.